Ugumu wa sponji si uimara wake: kuchagua sponji ya matakia na mito ya kushona nyumbani

Mama yangu anaumwa magoti. Kiti chake pale Tanga ni cha mninga, kipana, chenye mikono, na amekikalia tangu sisi tukiwa wadogo. Matakia yake ya zamani yalipochoka nilijitolea kumshonea mapya. Nikaenda duka la sponji, nikafanya anachofanya kila mnunuzi: nikabonyeza kwa kidole gumba. Moja laini, nyingine ngumu. Muuzaji akaniambia ile ngumu ndiyo "hai densiti", yaani nzito kwa ukubwa wake, ndiyo ya kudumu. Nikalipa, nikakata, nikashona kava zenye zipu. Baada ya miezi minne katikati ya takia palikuwa na shimo kama bakuli. Kiti kilikuwa kimeshuka, magoti ya mama yakawa juu kuliko nyonga, na kila akitaka kusimama ilimbidi ashike mikono ya kiti kwa nguvu zake zote na kuvuta pumzi kwanza.

Nililivua kava lile takia na kuiweka sponji yake kwenye mizani ya jikoni. Ilikuwa sentimita 50 kwa 50, unene sentimita 10. Mizani ilisoma gramu 425. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza watu na kusoma, na nimekuwa nikishona matakia na mito tangu siku hiyo. Ninayoyaandika hapa ndiyo ningependa mtu angeniambia kabla sijatoa hela yangu.

Kidole changu hakikunidanganya. Sponji ile ilikuwa ngumu kweli. Nilichokosea ni kudhani kwamba ngumu na imara ni jambo moja.

Sponji inaumuka kama maandazi

Sponji ya madukani kwetu, ya magodoro na ya makochi, karibu yote ni poliyurethani. Kemia yake ilianzia Ujerumani mwaka 1937, kwa Otto Bayer na wenzake mjini Leverkusen, na sponji laini za kukalia zikaanza kuuzwa miaka ya 1950. Anayejua kuumua maandazi hatapata shida kuelewa inavyotengenezwa. Kuna vimiminika viwili vikuu, polioli na isosayaneti, vinavyochanganywa na maji kidogo pamoja na vichocheo. Maji yakikutana na isosayaneti hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, hewa ileile ambayo hamira huitoa kwenye unga, na mchanganyiko unaumuka ndani ya dakika chache mpaka unakuwa bonge kubwa kuliko kitanda. Ndani ya bonge hilo kuna joto kali, hivyo huachwa lipoe kwanza, mara nyingi siku nzima, ndipo likatwe. Nje hubaki na ukoko, kama wa wali, nao huchongwa na kuwekwa kando. Huo ukoko tutakutana nao tena.

Sasa angalia maji. Kiwanda kikiongeza maji, hewa inaongezeka, bonge linafura zaidi, na kwa malighafi ileile wanapata sponji nyingi na nyepesi. Lakini maji hayohayo, yanapofanya kazi yake, huacha pia chembe ngumu ndani ya kuta za vile vitundu. Kwa hiyo sponji inaweza kuwa nyepesi kama pamba na bado ikawa kavu na ngumu kidoleni. Kuta zake ni nyembamba na kavu mfano wa ganda la yai, ambalo hukataa kubonyea mpaka linapopasuka. Mtu akikalia kila siku, kuta zinavunjika kidogo kidogo, na ule ugumu ulioulipia unaondoka nazo.

Kipimo kinachosema kuta zina nyama kiasi gani ni densiti, yaani kilo ngapi za sponji zinaingia kwenye meta moja ya ujazo. Poliyurethani isiyo na vitundu ingekuwa na zaidi ya kilo 1,100 kwa meta ya ujazo. Sponji nzuri ya kukalia ina kilo kama 30 tu. Ukipiga hesabu, hata ile nzuri ni hewa kwa karibu asilimia 97. Dukani tunauziwa kwa inchi na futi, kwa ujazo, na sehemu kubwa ya ujazo huo ni hewa. Mizani peke yake ndiyo inayoonyesha umepata kitu kiasi gani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwa 10 ni sehemu moja ya 40 ya meta ya ujazo. Kipime kwa kilo, zidisha kwa 40. Gramu 425 ni kilo 0.425, mara 40 unapata 17. Ile sponji ya kwanza ya mama ilikuwa ya kilo 17, densiti inayofaa kufungia vyombo visivunjike safarini. Niliyonunua mara ya pili, ya ukubwa uleule, ilikuwa na gramu 800, yaani 32. Kwa mkono zote mbili zilikuwa ngumu sawasawa. Kwa kipande cha vipimo vingine, zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote kwa meta, kisha gawanya uzito kwa jibu lako. Ukiingia dukani na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, hakuna muuzaji wa haki atakayekukataza.

Kwa uzoefu wangu, chini ya 20 ni mapambo tu: mito midogo ya kochi ambayo kazi yake ni kupendeza macho. Kuanzia 21 mpaka 25 inafaa migongo ya makochi, mito ya kulalia, na kiti cha chumba ambacho mgeni hukalia mara moja kwa mwezi. Kiti cha kila siku kisishuke chini ya 28, na 30 au 32 ni bora. Kama nyumbani kuna watu wazito, au watoto wanaogeuza kochi kuwa uwanja wa kurukia, panda mpaka 35.

Ugumu nao una kipimo chake

Baada ya densiti ndipo tuuzungumzie ugumu, maana mtu anaweza kupata sponji ya kilo 32 iliyo laini kabisa na nyingine ya kilo 32 iliyo ngumu. Hapo kiwanda ndicho kinachoamua kwa kubadilisha mapishi. Maabara hupima ugumu kwa kushindilia sahani ya duara ya sentimita 20 hivi juu ya sponji ya inchi 4, mpaka ibonyee robo ya unene wake, kisha huandika nguvu iliyotumika.

Jambo hili unaweza kulifanya uani. Tafuta kibao cha duara cha sentimita 20, kiweke katikati ya sponji ya inchi 4, na juu yake weka ndoo. Mimina maji lita moja moja huku mtu mwingine ameshika rula. Kibao kikizama inchi 1 wakati ndoo ina lita kati ya 14 na 18, hiyo ni sponji ya kukalia. Ikizama kwa lita 7 mpaka 11, iweke mgongoni mwa kochi. Lita 4 au 5, hiyo ni ya tabaka la juu au ya mto. Lita moja ya maji ni kilo moja, ndiyo maana kazi hii haihitaji mashine.

Na usiishie kwenye ile inchi ya kwanza. Sponji njema hukupokea kwa upole, kisha kadiri unavyozama inazidi kukukataa. Sponji dhaifu hufanya kinyume chake: mwanzo inajidai ngumu, halafu ghafla inaachia na unahisi ubao. Wataalamu hulinganisha nguvu ya kuibonyeza asilimia 65 na ile ya kuibonyeza asilimia 25. Kwenye sponji za kawaida ya kwanza huwa kama mara mbili ya ya pili. Kwenye zile zenye mnyumbuko wa juu, yaani zinazonesa sana, hufika mara mbili na nusu. Nyumbani weka goti lako juu ya sponji na uegemee polepole. Ukiona umefika chini bila upinzani kuongezeka, iache hapohapo dukani, hata kama kidole gumba kiliisifu.

Tabia ya tatu ni kunesa. Chukua gololi, idondoshe juu ya sponji kutoka nusu meta. Viwanda vinafanya hivihivi, kwa gololi ya chuma ya milimita 16. Sponji yenye mnyumbuko wa juu huirudisha gololi sentimita 30 au zaidi. Sponji ya kawaida iliyo nzima huirudisha kama 20. Ikidunda sentimita 10 tu na kutulia, na sponji yenyewe si ile ya kukumbuka umbo nitakayoieleza mbele, basi kuna jambo.

Jambo hilo mara nyingi ni unga. Kwa kuwa wanunuzi wengine wamejifunza kuuliza uzito, wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa madini, hasa kalisi kaboneti, yaani chokaa ile ya mawe, ili sponji iwe nzito. Mizani inaridhika lakini kuta za vitundu hazijapata nguvu yoyote. Zimebeba mzigo tu. Sponji ya namna hiyo huchanika upesi ukivuta pembe, ukiisugua kati ya vidole unahisi chengachenga, na ukiipigapiga juu ya kitambaa cheusi inaacha vumbi jeupe. Hufa mapema. Kwa hiyo nasisitiza: uzito kwanza, kisha gololi, kisha uvute pembe. Kimoja peke yake hakitoshi.

Ukiwa na muda, omba kipande cha ukubwa wa mche wa sabuni. Kipime unene, kibane kati ya vibao viwili mpaka kibaki nusu, funga kwa kamba, kiache juani mpaka kesho yake. Maabara hufanya hivyo kwa saa 22 ndani ya joto la nyuzi 70. Fungua, subiri nusu saa, pima tena. Sponji njema inarudi karibu yote. Ikibaki imesinyaa kwa kiasi unachokiona kwa macho, ujue na takia lako litabaki hivyohivyo.

Majina mengine utakayoyasikia

Ule ukoko na vipande vya kuchongea havitupwi. Husagwa, hutiwa gundi, hushindiliwa kwa mvuke, vikawa sponji moja nzito yenye madoadoa ya rangi nyingi. Ni ngumu na hudumu sana, densiti yake mara nyingi ni zaidi ya kilo 60, lakini usiilinganishe na sponji nzima kwa kilo, kwani ni kitu cha aina nyingine. Kuikalia tupu ni kama kukalia mkeka uliokunjwa. Mimi huitumia inchi 1 chini kabisa, juu ya ubao, na kupanga inchi 3 za sponji nzima juu yake. Fundi mmoja wa makochi pale Keko, Dar es Salaam, ndiye aliyenionyesha, na kwa watu wazito sijaona njia bora kwa gharama ndogo.

Sponji ya kukumbuka umbo ni ile inayoacha alama ya kiganja na kujaa polepole. Ilibuniwa mwaka 1966 katika kituo cha Ames cha shirika la anga la Marekani, NASA, na Charles Yost, ili kuboresha viti vya ndege. Inafuata joto: ikipata joto inalegea, ikipata baridi inakakamaa. Mto wa sponji hiyo ukiwa Njombe mwezi wa Julai utakuwa kama gogo mpaka kichwa kiupashe moto, na ukiwa Dar es Salaam mwezi wa Januari utalegea na kukushikia joto shingoni usiku kucha. Kwa Pwani mimi siipendekezi kwa mto mzima. Sentimita 2 au 3 juu ya sponji ya kawaida, kwa kiti cha mtu mwenye vidonda au aliyekonda sana, hapo inasaidia.

Mpira wa asili, utomvu uliopigwa mpaka ukawa povu kisha ukapikwa, ni kitu kizuri kuliko vyote hivi. Watu wa kampuni ya Dunlop waliufanikisha Uingereza mwaka 1929. Unanesa, hauchoki upesi, una vitundu vinavyopitisha hewa. Ni mzito, kilo 60 mpaka 80 kwa meta ya ujazo, na bei yake ni kubwa. Ukiupata kwenye godoro la zamani la mitumba ambalo halijaanza kupukutika, usiliache.

Kuna pia sponji ya kandambili, ile ambayo vitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake hivyo hainywi maji. Inafaa ubao wa mtumbwi na kupigia magoti shambani. Sebuleni itakuchosha.

Na kuna godoro la zamani lenyewe. Wengi tunaanzia hapo, na ni jambo jema, kwani godoro lililokuwa zuri linaweza kutoa matakia bora kuliko sponji mpya ya bei rahisi. Ila usilikate popote. Katikati, mahali nyonga zilipolala miaka, pamekwisha. Chukua upande wa miguuni na ule wa kichwani, na pembezoni. Kagua kunguni kwenye mishono kabla hujaliingiza ndani. Rangi ya njano isikutishe. Mwanga na hewa huifanya sponji iwe njano bila kuiua. Kinachotisha ni ikipukutika unga wa njano mkononi.

Kiti

Uzito wa mtu aliyeketi hausambai sawasawa. Sehemu kubwa huangukia mifupa miwili ya makalio, eneo dogo sana, na ndiyo maana shimo la takia hutokea palepale kila mara. Unene lazima utoshe ili mifupa hiyo isifike chini. Juu ya ubao mtupu, inchi 4 ni kiwango cha chini, na 5 ni bora. Juu ya mikanda ya mpira iliyofungwa vizuri, inchi 3 au 4, maana mikanda nayo inabonyea. Inchi 2 ni kwa kiti cha meza ya chakula, mahali ambapo mtu hakai saa nzima.

Kwa wazee hesabu nyingine inaingia, nayo ni urefu wa kiti mtu akiwa amekaa. Mpime mzee wako kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, akiwa na kandambili zake miguuni. Takia likishabonyea, uso wake usiwe chini ya kipimo hicho. Ukizidi kwa sentimita 2 au 3 kwa mwenye magoti mabovu ni vizuri zaidi. Kiti cha mama kina fremu ya sentimita 36 kutoka sakafuni, na kipimo chake ni 41. Sponji ya inchi 4 inayobonyea robo inabaki na sentimita kama 7 na nusu, jumla 43 na nusu. Ile ya kwanza, ilipochoka, ilibaki na sentimita 3, jumla 39, na katikati chini ya hapo. Tofauti ya upana wa vidole vitatu, na kwa magoti yake ilikuwa ndiyo tofauti kati ya kusimama mwenyewe na kumwita mjukuu.

Kwa hiyo takia lake sasa lina tabaka mbili: inchi 3 za sponji ngumu ya kilo 32 chini, na inchi 1 ya sponji laini ya kilo 25 juu, ili mapaja yasiumie. Zimegandishwa kwa gundi pembezoni tu, nimeacha katikati ili pasiwe na utando mgumu pale anapokalia. Kisha nimeizungushia faiba, zile nyuzi nyeupe za poliesta, unene wa kidole. Faiba huzuia kava lisisugue sponji na hulifanya takia lijae kwenye pembe. Kata sponji iwe kubwa kuliko kava kwa sentimita 1 au 2 kila upande. Ikiwa sawasawa na kava, baada ya mwezi kava litaonekana limevaliwa na mtu aliyekonda.

Mgongo wa kochi hautaki nguvu hizo. Sponji laini ya kilo 21 mpaka 25, au faiba tupu kwenye mfuko wake, inatosha. Nimeona mafundi wakiweka mgongoni sponji ileile ya kukalia. Ni hela iliyopotea, na mgongo unasukumwa mbele.

Mto wa kulalia

Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5. Sponji ya mto haibebi mzigo mkubwa, kwa hiyo densiti ya 22 au 25 inatosha. Linaloamua hapa ni kimo. Anayelala ubavu anahitaji mto unaojaza nafasi kutoka shingoni mpaka ncha ya bega, ambayo kwa wengi ni sentimita 10 mpaka 14 baada ya mto kubonyea. Anayelala chali anahitaji mfupi zaidi, na anayelala kifudifudi mwembamba kabisa, au asiwe nao. Mwambie mwenzako akutazame kwa nyuma ukiwa umelala: uti wa mgongo na shingo viwe mstari mmoja. Mwanamke mwenye mabega membamba na mumewe mwenye mabega mapana hawawezi kushonewa mito sare, hata kama foronya zinafanana.

Sponji nzima huleta joto. Ikikatwakatwa vipande vya ukubwa wa kete, hewa inapita, na unaweza kufungua zipu ukapunguza au kuongeza mpaka kimo kikae sawa. Hapo mabaki yako yote ya matakia yanapata kazi. Weka mfuko wa ndani wa pamba uliofumwa kwa karibu, la sivyo vumbi la sponji litatokea kwenye foronya.

Lakini nikiulizwa mto wa Pwani, jibu langu la kwanza ni sufi. Nyuzi za sufi ziko wazi ndani kama mirija, zimejaa hewa, na kwa nje zina nta inayokataa maji, ndiyo maana zamani zilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Mto wa sufi haushiki joto. Kasoro yake ni kwamba nyuzi huvunjika na kuwa vumbi, na mto hufanya mabonge. Unahitaji kuanikwa na kupigwapigwa, na baada ya miaka kadhaa kujazwa upya. Mwenye pumu akae mbali na kazi ya kuujaza. Mama ana mto wa sufi, umetoka kwenye msufi wa jirani, na hajataka kuubadilisha.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe mto wowote, wa sponji, wa sufi, wala ule mzuri uliotarizwa jina lake. Hana nguvu ya kugeuza uso ukizama.

Unyevu, kukata, na moto

Pwani sponji huvuta unyevu wa hewa na jasho, na isipopumua huota kuvu. Kava la reksini au ngozi bandia lishonewe dirisha dogo la wavu kwa nyuma. Bila hilo hewa haitoki mtu akikaa, na mishono ndiyo inayopasuka. Usiifunge sponji kwa nailoni kuikinga, isipokuwa kwa mgonjwa au mtoto anayekojoa, na hapo uivue kila siku. Ikilowa, ikandamize kwa taulo bila kuikamua kama nguo, kisha isimamishe kwa ubavu kivulini penye upepo. Jua la saa moja halina neno. Jua la kila siku kwenye sponji isiyo na kava huikausha ngozi ya juu mpaka ikapukutika.

Kukatia, kisu kirefu chembamba kilichonolewa, kivutwe kwa mikupuo mirefu bila kushindilia. Weka ubao ulionyooka juu ya mstari na uukandamize kwa goti, kisu kipite ubavuni mwake. Mkasi hutafuna.

Gundi ya sponji ni hatari kuliko sponji. Mvuke wake hushika moto na hulewesha. Paka nje, mbali na jiko la mkaa. Na sponji yenyewe ikishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi mweusi wenye kaboni monoksaidi na sayanidi, moshi ambao unaua kabla ya moto kufika. Mwaka 1979 duka la Woolworths mjini Manchester, Uingereza, liliungua baada ya samani za sponji zilizopangwa humo kushika moto, na watu 10 wakafa. Kanuni kali za usalama wa samani zilizotungwa nchini humo mwaka 1988 zilitokana na mioto ya namna hiyo. Sponji nyingi tunazonunua hazina dawa ya kuzuia moto. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwekwe chini ya kochi, mshumaa usikae kwenye mkono wa kiti umeme ukikatika, na kava la pamba nzito au sufu ni bora kuliko la nailoni, ambalo huyeyuka na kuachia moto uingie ndani.

Siku hizi, kabla ya kufunga zipu, naandika ubavuni mwa sponji kwa kalamu ya wino: tarehe, gramu, unene, na sentimita ambazo gololi ilirudi. Takia la mama la tabaka mbili lilianza na 760, 10, na 24. Kila Idi nikienda Tanga nalivua kava na kupima tena akiwa anatayarisha chai, naye huuliza kutoka jikoni kama bado limesimama. Mara ya mwisho unene ulikuwa 9.6, na gololi ilirudi 22.